Pembe Ilikuwa Kimya: Maisha ya Filemoni Asheri wa Kishekwa, Karani wa Simu ya Upepo

Wasifu huu unasomwa na dada yake, Eliwaza Asheri, kaburini, Kishekwa, Mbaga, Jumanne tarehe 22 Julai 1958.

Mchungaji, wazee wa ukoo, wafiwa wenzangu na majirani.

Wasifu huu ulipaswa kusomwa na mwanamume wa ukoo, ndivyo tulivyozoea. Mdogo wetu Gideoni alipewa kazi hiyo juzi, akakaa na kalamu mkononi mpaka wino ukamkaukia, akanirudishia karatasi tupu. Basi nimeuandika mimi. Nimefundisha watoto wa darasa la kwanza muda mrefu, sauti ninayo, na atakayekereka avumilie mpaka mwisho. Mchungaji aliniomba nipunguze baadhi ya maneno. Nimempunguzia kidogo, mengine nimeyaacha yalivyo.

Marehemu Filemoni Asheri alizaliwa hapa Kishekwa tarehe 12 Machi 1919, mwaka wa ile homa iliyofagia nyumba nyingi za Upare. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Asheri na Mama Dorkasi. Mimi nilimtangulia, Gideoni akafuata. Alizaliwa kadogo, jirani mmoja akamwambia mama asijisumbue kumtafutia jina mapema. Mama alimtafutia siku hiyo hiyo. Nilimbeba mgongoni kabla mwenyewe sijajua kutembea vizuri kwenye njia hizi za matope, na tulianguka pamoja mara nyingi kuliko mama alivyojua.

Baba yetu ndiye aliyekuwa akisimamia zamu za maji ya ndiva ya juu. Wenyeji mnajua, lakini wako wageni hapa kutoka Same na Moshi, nawaeleza: ndiva ni bwawa letu la kukusanyia maji usiku, na asubuhi hufunguliwa yakashuka kwenye mfongo, yaani mfereji, mpaka mashambani, kila ukoo kwa siku yake. Filemoni akiwa mtoto ndiye aliyetumwa kuzibua na kuziba. Aliwahi kuona wanaume wawili wazima, ndugu wa tumbo moja, wakipigana kwa majembe ndani ya mfongo kwa sababu mmoja alifungua siku isiyo yake. Tangu siku hiyo alipenda sana kitu kinachoitwa zamu. Alitupangia zamu hata ya kukaa karibu na moto, na ole wako ukijisogeza.

Alisoma shule ya misheni hapa Mbaga kuanzia mwaka 1929 hadi 1936. Hesabu alizipenda, kuimba alikuwa anaharibu. Baadaye alisaidia kufundisha hapo hapo shuleni, kisha mwaka 1941 akachukuliwa Keya. Huko jeshini walimfundisha simu ya upepo, akaenda nayo mpaka Burma. Tulikaa muda mrefu bila habari zake, mama akawa anampakulia makande kila Jumapili na kuyaacha mezani. Alirudi mwaka 1946 akiwa mzima, ila vidole vyake havikutulia. Akikaa mezani anagonga kijiko, ta-ta-taa. Baba akamwambia, "Filemoni, hapa hakuna Mjapani. Kula."

Mwaka 1947, tarehe 6 Desemba, alimwoa Hedwiga, binti wa wakulima wa Kifaru. Sitaficha kwamba palikuwa na mtafaruku. Hedwiga ni Mkatoliki, sisi ni Walutheri, tena yeye ni wa Upare ya kaskazini, na shangazi zetu walidai hawamwelewi akisema. Filemoni aliwajibu, "Mimi namwelewa, tena anapika. Nyie endeleeni kutomwelewa." Walijaliwa watoto wawili, Elirehema na Priska. Wifi yangu Hedwiga, umeketi hapo mbele yangu, na nasema mbele ya watu wote: hatukukupokea vizuri, na wewe ndiye uliyemtunza kuliko sisi sote.

Mwaka 1948 alipata kazi kwenye kiwanja cha ndege cha Same, karani wa simu ya upepo. Kiwanja chenyewe mnakijua: nyasi, kibanda cha mabati, mlingoti wenye mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo, na mbuzi wa watu wanaofukuzwa kila ndege inapotaka kutua. Kazi ya Filemoni ilikuwa kupima hali ya hewa, kuongea na marubani kwa redio, na kumwambia kila mmoja nani mwingine yuko njiani.

Huko ndiko alikokutana na ile kanuni. Niwaeleze, kwa maana bila hiyo hamtaelewa maisha yake wala kifo chake. Angani hakuna barabara. Ndege mbili zinaweza kukutana uso kwa uso ndani ya wingu, hakuna wa kumpisha mwenzake. Kwa hiyo wakubwa wa anga waliweka zamu, lakini si zamu za siku, ni zamu za kimo. Ndege inayoelekea kati ya kaskazini na mashariki hushika maelfu witiri ya futi kutoka usawa wa bahari: tano, saba, tisa. Inayoelekea kati ya mashariki na kusini hushika witiri na nusu elfu juu yake. Inayoelekea kati ya kusini na magharibi hushika shufwa: nne, sita, nane. Na inayoelekea kati ya magharibi na kaskazini hushika shufwa na nusu. Kila mmoja akitazama dira yake anajua pa kukaa, na wanaokutana wanapishana mmoja juu, mmoja chini. Ndege ya kutoka Tanga kuja Same huelekea magharibi na kaskazini. Kwa hiyo kimo chake ni elfu sita na mia tano, au elfu nane na mia tano.

Jamani, alivyoipenda! Alikuja nyumbani Krismasi ya mwaka huo akiwa nayo kama mtu aliyeletewa mtoto. Akasema ni ndiva tupu, ni baba yetu amekwenda angani. Akataka na sisi tuifuate. Akasimama kwenye ile njia nyembamba ya kwenda kisimani akawaambia akina mama wenye kuni kichwani kwamba wanaopanda wapite upande wa mlimani na wanaoshuka wapite upande wa bonde. Mama mmoja, yupo hapa, simtaji, akamuuliza, "Na wewe unayesimama katikati, una zamu gani?" Akapisha. Tulicheka wiki nzima, na yeye alicheka kuliko sisi.

Siku hiyo hiyo, tukiwa tunamenya ndizi, alimweleza mama kanuni yake yote kwa kuchora chini na kijiti. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na mlima umepewa zamu gani?"

Filemoni akasema, "Mama, mlima hauendi popote."

"Ndiyo maana nauliza," mama akasema. "Hao wengine watapishana. Huu utapishwa na nani?"

Yeye alijua, ndiyo kazi yake, kwamba kilele cha Shengena kinapita futi elfu nane, na kwamba mgongo wetu huu wa Kishekwa unapita elfu saba. Ndege ya Tanga ikishika elfu sita na mia tano imetii kanuni kabisa. Ikifuata njia yake sawasawa inapita pembeni, juu ya Kisiwani, haina shida. Ila upepo wa bahari ukiisukuma kidogo kushoto, na ukungu umelala, inakuja moja kwa moja huku. Kanuni inatenganisha ndege na ndege. Ndege na mlima, kila rubani ajiangalie mwenyewe.

Alipeleka shauri kwa wakubwa wake kwamba ndege za Tanga zisipewe kamwe sita na mia tano, zipewe nane na mia tano tu. Wakamjibu kwamba kanuni inatosha, na kuchagua kimo ni juu ya rubani. Akauliza tena mwaka uliofuata. Wakamjibu vile vile.

Sasa sikilizeni wageni, maana hili ni la kwetu. Sisi watu wa Kishekwa tumezoea kuona mgongo wa ndege. Watu wa nyikani wakiona ndege iko chini sana wanapiga kelele. Sisi ndege zimekuwa zikipita chini yetu tangu zilipoanza kuja, tunaziangalia kama tunavyoangalia kunguru bondeni, watoto wanapunga mkono, basi. Filemoni ndiye aliyetufundisha kwamba ndege ikisikika chini yetu na karibu, hiyo imepotea njia. Akaomba pembe ya msaragambo, ya kazi za pamoja za kijiji, itumike. Pembe hiyo ya tandala, inayoita watu kazini kuchimba mfongo na kuzibua ndiva, hupokewa na pembe nyingine kilima hadi kilima mpaka Same, kwa muda wa mtu kuvaa viatu. Mzee Melkizedeki, mtunza pembe wetu, alikubali. Siku ya ukungu, akisikia mngurumo chini ya mgongo, apulize mara moja ndefu. Filemoni akiisikia kiwanjani amwambie rubani, "Panda."

Na ilifanya kazi. Mwezi wa Mei mwaka 1952 pembe ililia, Filemoni akasema panda, na tukaiona ndege ikitokea kwenye ukungu juu ya shamba la kahawa la Mzee Melkizedeki, tumbo lake jeupe, ikapita. Rubani alikuwa Mwingereza kijana ambaye Filemoni alimwita Bwana Samahani, kwa kuwa kila sentensi yake ya Kiswahili ilianza hivyo. Alitua Same, akatoka, akakaa kwenye nyasi. Fundi wake Sefu, mtu wa Tanga, alimkumbatia Filemoni akamwambia, "Kaka, nina mke mjamzito." Tangu hapo Sefu hakuja Same bila kumletea papa wakavu, na nyumba nzima ya Hedwiga ilinuka.

Ndivyo mazoea yalivyoanza. Bwana Samahani akiukaribia mlima wenye ukungu alikuwa akiuliza kwenye redio, "Samahani, pembe inasemaje?" Filemoni anatoka nje ya kibanda, anavua kofia, anasikiliza. Kisha anarudi na kusema, "Pembe kimya, Bwana." Na Bwana Samahani anaendelea na kimo chake.

Mama yetu Dorkasi alifariki alfajiri ya Alhamisi tarehe 17 Juni 1954. Nilikuwa nimemshika mkono. Mlima ulikuwa umefungwa na ukungu, huoni hata mgomba wa mlangoni. Mzee Melkizedeki alikuja kutupa pole, kisha akafanya kama walivyofanya waliomtangulia: akaipandisha pembe darini, juu ya moto, akaifunga. Kijiji chenye maiti hakipigi pembe. Hakuna msaragambo, hakuna mwito, hakuna sauti hiyo, mpaka marehemu azikwe na tanga liondolewe. Hakuna aliyefikiri lolote. Ningefikiri nini mimi? Mama yangu alikuwa amelala pale.

Gideoni alitumwa kwenda Same kumwambia Filemoni. Mnajua mwendo wa kutoka hapa mpaka Same. Alikuwa bado njiani, kwenye miteremko ya chini, aliposikia ndege ikipita ndani ya mawingu. Hakuona kitu. Aliendelea kutembea.

Yaliyotokea kiwanjani alinisimulia Filemoni mwenyewe, mara nyingi kuliko nilivyotaka. Ndege ilikuwa imebeba mashine ya pampu, injini moja imechoka, inapanda kwa shida. Bwana Samahani alisema anataka kubaki sita na mia tano, hataki kuihangaisha mpaka nane na mia tano kama hakuna haja. Akauliza, "Samahani, pembe inasemaje?" Filemoni akatoka, akavua kofia. Akasikiliza kwa makini, alisema, kuliko siku zote, maana ukungu ulikuwa mzito. Akarudi akasema, "Pembe kimya, Bwana."

"Asante," akasema Bwana Samahani. Akaongeza kwamba Sefu anasalimia, papa wapo.

Halafu redio haikusema kitu tena.

Sisi tuliisikia. Watu wote waliokuwa uani kwetu waliisikia, ilikuwa chini yetu na karibu. Mzee Melkizedeki aliniambia baadaye, na nayasoma maneno yake kwa ruhusa yake: "Niliisikia, mwanangu. Niliinua macho, nikaiona pembe inaning'inia. Nikamtazama mama yenu, hajaoshwa. Ningeishushaje?" Kishindo kilipotokea wanawake waliacha kulia, tukawa tunatazamana. Wote wawili walikufa, Bwana Samahani na Sefu. Vijana wetu waliwateremsha kwa machela mpaka Kisiwani, na walikosa mazishi ya mama.

Gideoni alifika kiwanjani mchana. Alimkuta Filemoni amesimama nje, kichwa wazi, bado anasikiliza. Akamwambia, "Kaka, mama ametutoka alfajiri."

Filemoni akamwuliza, "Pembe imetundikwa tangu saa ngapi?"

Hakuuliza mama alikufaje. Hakuuliza alisema nini. Aliuliza pembe. Gideoni alimpiga kofi, akageuka, akapanda mlima peke yake. Ndugu hawa wawili hawakusemezana tena kwa muda mrefu mno, na ukoo mzima ulimhukumu Filemoni kwa swali hilo. Alizika mama yake huku watu wakimpa mgongo. Ndiyo sababu Gideoni ameshindwa kuandika wasifu huu. Gideoni, mdogo wangu, nimeyasema kwa niaba yako, usiniangalie hivyo. Wewe ulisikia swali baya. Mimi nilisikia mtu aliyekwisha kujua kwamba ukimya ule haukuwa wa njia kuwa salama, ulikuwa ni wa mama yake kufa, naye ameutoa kwa rubani kama habari njema.

Baraza la uchunguzi lilikaa Moshi mwezi wa Agosti. Walisema rubani alishika kimo alichopaswa kushika kwa upande alioelekea. Walisema karani alitimiza wajibu wake wote. Pembe walisema si chombo kinachotambuliwa, kwa hiyo hawana la kusema juu yake. Hakuna aliyekosea. Filemoni alirudi kutoka Moshi amevunjika kuliko alivyokwenda. Aliniambia, "Dada, rubani ametii. Wakubwa wametii. Mzee Melkizedeki ametii. Mimi nimetii. Sasa nani amewaua?" Nilimwambia ni mapenzi ya Mungu. Alinitazama, akasema, "Usimsingizie."

Mchungaji, hilo ndilo uliloniomba nilitoe. Alilisema, nami nimelisoma.

Alichosema zaidi, na sijui namna ya kumfariji mtu wa hivyo, ni kwamba kabla ya pembe yake marubani waliuogopa mlima. Walipanda bila kuuliza. Yeye ndiye aliyewafundisha kuuamini. Nilitafuta usiku na mchana neno la kumpinga nalo. Sikulipata, na nimelitafuta tena wiki hii.

Aliendelea na kazi mpaka Machi 1956, kisha akaacha. Nyumbani hakuvumilia ukimya. Hedwiga alikuwa akitwanga hata mahindi yasiyohitaji kutwangwa, mradi pawe na sauti. Watoto waliruhusiwa kupiga makelele wakati wa sala. Wakinyamaza wote kwa bahati mbaya, alisimama na kwenda mlangoni, akavua kofia.

Mwaka huo huo alirudi Kishekwa kuishi, akajenga pale mwisho wa mgongo, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angejenga, upepo mtupu. Kila siku yenye ukungu aliketi nje na pembe aliyoichonga mwenyewe, akisikiliza bonde. Kiwanjani Same hakukuwa na mtu wa kuipokea tena, karani mpya hajui habari za pembe, na vilima vya katikati viliacha. Alipuliza hivyo hivyo. Wengine mlimwita mwendawazimu, na watoto wenu walimwiga wakienda shule. Mimi nilimpelekea uji na blanketi, nikamfokea, nikarudi. Mara moja nilimwambia, "Hakuna anayekusikia." Akasema, "Najua. Lakini sinyamazi."

Mwezi Aprili mwaka huu alianza kukohoa. Alikataa kuingia ndani kwa sababu masika yalikuwa yameleta ukungu. Mwezi Juni alitapika damu, tukambeba kwa machela mpaka hospitalini, daktari akasema mapafu yameharibika, amechelewa. Tulimrudisha nyumbani tarehe 9 Julai kwa kuwa aliomba. Gideoni alikuja. Alikaa kitandani kwa kaka yake, na Filemoni akamwuliza, "Mama alikufaje?" Gideoni alimweleza yote, mwanzo mpaka mwisho, na ilichukua alasiri nzima. Nashukuru kwa alasiri hiyo, ingawa ilikuja wakati haina faida tena kwa mtu.

Siku tatu za mwisho aliwaita wazee wa kijiji. Walikuja, wakampa pole, akawashika miguu mgonjwa yule, akaomba jambo moja tu. Alisema, "Wazee wangu, shikamooni. Nikifa, msiitundike pembe. Msiba wangu usiwe kimya. Muanze na mimi, ili mzoee." Wakamjibu, "Tutaangalia, mwanetu." Alifurahi. Hedwiga alisema ndiyo mara ya kwanza mumewe kulala vizuri tangu mwaka ule. Alifariki Jumapili tarehe 20 Julai 1958, saa tatu asubuhi, kengele ya kanisa ikiwa inalia. Tulimshukuru Mungu kwa kengele hiyo.

Marehemu ameacha mjane, Hedwiga. Watoto wawili, Elirehema na Priska. Dada, ndiye mimi. Na mdogo wake, Gideoni. Huko Tanga kuna mjane wa Sefu na mtoto, ambao Filemoni aliwahesabu kuwa wake mpaka mwisho, na naomba mwenye kuwaombea Hedwiga na watoto awaombee na hao.

Nimebakiza kitu kimoja, kisha tuimbe.

Wazee waliangalia, kama walivyoahidi. Jumapili, Filemoni hajapoa, nilikwenda nyumbani kwa Mzee Melkizedeki kumpa habari, nikakuta zimenitangulia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku analia kweli kweli, maana alimpenda. Nikainua macho. Pembe ilikuwa imeshafungwa darini. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Mwanangu, ni msiba. Na ni wa Filemoni. Tungemvunjia heshima vipi yeye?"

Leo ni Jumanne. Ndege ya Tanga hupita Jumanne, wakati kama huu. Mnauona ukungu wenyewe, wa nyuma kaburini hanioni mimi ninayesoma. Nilikusudia kuwaomba tunyamaze kidogo kwa ajili yake, kama ilivyo desturi. Siwaombi. Imbeni mara moja, kwa nguvu zote mlizonazo, na msikilize katikati ya beti, na mkisikia mngurumo chini yetu mjue kwamba yule aliyekuwa akikaa mwisho wa mgongo kuiambia ndege ipande tumemfunga ndani ya sanduku hili, na pembe tumeifunga kwa heshima yake.

Mpe amani, Bwana, maana sisi tumemnyima.